Nini kinakula chaji? Kutafuta sanamu kwenye imani yako mwenyewe kwa akili ya fundi simu

Bwana asifiwe wapendwa.

Mi ni fundi simu, niko Mbagala, meza yangu ina miaka 13 sasa, na kanisani napiga kinanda, hicho kinanda nitakirudia maana shida yenyewe ilikuwa hapo. Nimeamua kuandika hii kwa sababu kila nikisikia mahubiri ya sanamu za siku hizi list ni ileile, pesa, simu, mpira, starehe, na watu wanaitikia amina kwa nguvu kwa vile kila mtu anamfikiria jirani yake. Sasa list haitengenezi simu. Simu unaitengeneza kwa kufuata dalili, dalili inakupeleka kwenye chanzo, na chanzo mara nyingi hakifanani kabisa na kile mteja alichokuja nacho mdomoni.

Mfano mteja anakuja, fundi nibadilishie betri, simu haikai na chaji. Ukimsikiliza unambadilishia, anaondoka anafurahi, siku ya nne huyu hapa karudi amenuna. Betri ya mwanzo ilikuwa nzima. Kuna kidude kwenye bodi kinakula umeme usiku kucha simu ikiwa imelala, hata umwekee betri ya trekta itaisha tu. Na sisi kwenye imani tunafanya hivyohivyo, mtu anaona maombi yamekuwa mazito, Neno haliingii, anakimbilia mkesha, semina ya siku 7, mfungo, anarudi anawaka, wiki mbili baadaye yuko chini. Anasema nimeishiwa nguvu za kiroho. Inawezekana nguvu unapewa vizuri tu ila kuna kitu kinazinywa.

Kwenye Ezekieli 14 wazee wa Israeli walikuja wakakaa mbele ya nabii, watu wa dini kabisa, na Mungu akamwambia watu hawa wametwaa vinyago vyao na kuvitia mioyoni mwao. Mioyoni! Kwa hiyo ukija kukagua sebule yangu hukuti kitu, utakuta kalenda ya kanisa na picha ya harusi. Martin Luther mwaka 1529 akieleza amri ya kwanza alisema kwamba kile ambacho moyo wako unakishikilia na kukiegemea, hicho ndo mungu wako hasa. Mi hilo nalielewa kifundi: umeme unakwenda wapi?

Kitu kimoja kabla hatujafungua mfuniko. Hii ni kwa simu yako wewe. Ya mkeo, ya mchungaji wako, ya wale wa kanisa lenye masanamu ukutani, weka pembeni. Kuna watu wana utaalamu mkubwa wa kuona sanamu za Wakatoliki na hawajawahi kujikagua wenyewe hata siku moja.

Dalili: chaji inaisha hata ukiwa umekaa tu

Unaamka umechoka, unasali unachoka, hamna dhambi kubwa unayoijua, ila ndani hamna kitu.

Mezani huwa nafanya hivi, simu imezimwa, naiunganisha na pawa saplai, sijabonyeza swichi. Inatakiwa isome sifuri. Ikisoma ampea 0.05 au 0.08 wakati simu imezima ujue kuna kuvuja mahali.

Kwako wewe kipimo ni kuangalia akili inaenda wapi wakati hujaituma popote. Upo kwenye daladala, bando limeisha, foleni ya Mtoni Mtongani haisogei, wa kuongea naye hamna. Akili inakimbilia wapi yenyewe? Usijibu jibu la Sunday school, angalia tu siku tatu nne mfululizo inaenda wapi.

Ngoja niseme vizuri hapa maana watu wanaumizana. Mama mjane anayewaza ada ya Januari haabudu sanamu. Kuwaza kodi tarehe 28 ni akili timamu. Swali ni je, kodi ikishalipwa, inazima? Kuna mtu kodi kalipa ya miezi 6, ada imeisha, watoto wazima, na bado saa nane usiku yuko macho anahesabu, kiwanja cha pili, cha tatu, fulani tulianza naye sawa kashapandisha ghorofa. Hapo simu imezimwa na saplai inasoma. Paulo kwenye Wakolosai 3:5 anasema kutamani ndiyo ibada ya sanamu, moja kwa moja bila kuzunguka, na mi nilikuwa najiuliza kwa nini akuze jambo hivyo, si ni tamaa tu, mpaka nilipoona kwamba kutamani hakuna swichi ya kuzima. Na yule tajiri wa Luka 12 anayebomoa ghala ajenge kubwa zaidi, msome polepole utaona anaongea na nani. "Ee nafsi yangu, una vitu vyema vingi." Anaanza na Ee kama mtu aliyepiga magoti.

Dalili: kuna kitu kikiguswa unapata moto kuliko kosa lenyewe

Hii ndo dalili ninayoiamini kuliko zote kwa hiyo nitakaa hapa.

Bodi ikiwa na shoti, kwa macho huoni kitu. Vidude viko mamia, vyote vinang'aa. Tunachofanya, unapuliza moshi wa rosini, ule utomvu mgumu wa kahawia unaosaidia solda ishike, bodi nzima inapata ukungu mweupe. Alafu unaingiza umeme kidogo kwenye ile laini yenye shida. Unasubiri. Kile chenye shoti kinapata moto na ukungu unayeyuka juu yake peke yake, kidoa cheusi kwenye weupe, unakiona hata ukiwa umechoka. Na mara nyingi ni kapasita, kadude kadogo kama punje ya sukari, ambayo kiwandani iliwekwa kwa kazi nzuri tu ya kutuliza umeme. Hakuna mtu aliyekuja kupandikiza kitu kigeni. Ni kitu cha humohumo, cha halali, kimegeuka sasa kinavuta umeme wote wa laini na simu nzima imekufa.

Kwa hiyo dalili ni joto. Mtu kagusa kitu kidogo, kasema neno moja, na wewe umewaka siku tatu. Usiangalie aliyegusa, angalia ni wapi.

Mi wa kwangu niliupata Jumapili moja ya mwezi wa 8, ibada ya pili. Nilikuwa nimepiga kinanda kanisani kwetu miaka 11. Akaja kijana katoka chuo, ana vidole sijui kavitoa wapi, anapiga chords ambazo mi hata majina yake siyajui. Mzee wa kanisa akaniita pembeni kwa heshima zote, kaka fundi, tunaomba kijana achukue ibada ya pili, wewe ubaki na ya kwanza upumzike kidogo. Nikasema amina mzee, kazi ni ya Bwana. Nikaenda nikakaa benchi la tatu.

Katikati ya wimbo wa sadaka, kijana yuko kwenye raha yake, kanisa limesimama, kinanda kikakata. Kimya. Waya kwenye jeki, ile plagi ya kinanda, uliachia. Kwaya ikayumba, mama mmoja wa sauti ya pili akashika wimbo kavukavu wakabebana naye mpaka mwisho. Kijana yupo chini ya meza anahangaika na waya. Na mimi nimesimama na bahasha ya sadaka mkononi natabasamu. Sikukusudia, lilikuja lenyewe kama chafya inavyokuja. Watu wa Mungu wanamwimbia Mungu, sauti imekata, nami moyoni nimefurahi.

Ukungu ukayeyuka palepale.

Na uone maajabu, miaka yote ile nilikuwa namuomba Mungu anitoe kwenye kupenda pesa, kwa sababu ndo sanamu niliyozoea kuisikia ikitajwa. Pesa hainisumbui hivyo, nidhulumu elfu 50 nitanung'unika mpaka jioni tutakunywa chai. Kilichokuwa kinakula umeme ni kuhitajika, yaani watu waone bila fundi haiendi. Tena nilikuwa nakilisha kanisani kwenyewe, kila Jumapili, kwa nyimbo nzuri.

Kuna jamaa kwenye Waamuzi 17 na 18 anaitwa Mika, ana nyumba yake ya miungu huko milima ya Efraimu, kapata na Mlawi wa kumfanya kuhani, kwa mshahara wa fedha kumi kwa mwaka na nguo na chakula, anasema sasa najua Bwana atanitendea mema. Bwana, anamtaja Bwana huyu huyu! Wadani, watu wa kabila la Dani, wakapita wakabeba vyote, miungu na kuhani. Mika akawafukuzia huku analia, mmeichukua miungu yangu niliyoifanya, na kuhani, nami nina nini tena? Hilo swali ndo moto wenyewe. Kaa nalo. Wakikuondolea uenyekiti wa jumuiya, cheo, umbo lako, jina la ukoo, mtoto wako wa kujivunia kwenye status, ni kipi ambacho kikiondoka utasema nina nini tena?

Dalili: umetoa, umefunga, umeomba, sasa unadai

Kuna mpendwa mmoja nilimuona ana daftari, kachora mstari katikati. Upande wa kushoto tarehe ya mbegu, yaani sadaka ya kupandia baraka, na kiasi, laki 2, elfu 80, laki moja na nusu. Upande wa kulia kaandika juu MAVUNO, chini yake hamna kitu, kurasa tatu hamna kitu. Akaniuliza fundi, au nibadilishe madhabahu? Sikumcheka maana alikuwa amekonda. Malaki 3:10 ipo kwenye Biblia yangu pia na sipingi mtu kutoa. Ila daftari lile lilikuwa la kikoba. Mungu alikuwa wakala tu, unatuma hapa unapokea kule, na anayeabudiwa ni yule anayesubiriwa upande wa kulia.

Kipimo cha hii dalili nilikiokota kwenye Biblia ya Kiswahili yenyewe, kuna "kama sivyo" mbili ndani yake.

Ya kwanza ni ya Raheli, Mwanzo 30, anamwambia Yakobo nipe wana, kama sivyo, nitakufa mimi. Naomba nisieleweke vibaya, uchungu wa kukosa mtoto siuchezei, na mtu anayelia mbele za Mungu kwa ajili ya mtoto simuiti mwabudu sanamu, Hana alilia mpaka kuhani akadhani amelewa na Mungu alimsikia. Ila lile neno la Raheli ni zito. Mtoto amekaa mahali ambapo asipokuja uhai haupo. Na ni Raheli huyohuyo ambaye kwenye sura ya 31 kaiba vinyago vya baba yake kaficha kwenye matandiko ya ngamia, kakaa juu yake, anasema siwezi kuinuka mbele yako. Mke wa Yakobo, ndani ya ukoo wa ahadi, amekalia sanamu. Na alipata watoto kweli, na katika kumzaa wa pili ndo akafa, sura ya 35. Sisemi ni adhabu, nasema tu ile sentensi yake huwa inanirudia nikifika hapo.

Ya pili ni ya wale vijana watatu kwenye Danieli 3, mbele ya tanuru, sanamu ya dhahabu imesimama pale. Wanasema Mungu wetu aweza kutuokoa. Halafu wanaongeza, "Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako."

Sasa chukua ombi lako kubwa kuliko yote, visa, mchumba, kesi ya kiwanja, uponyaji, liseme kwa sauti, halafu malizia na bali kama si hivyo. Usikilize sauti yako inakatikia wapi.

Mi nimejaribu na ombi la binti yangu, ana selimundu, ana miaka 9. Nimejaribu mara mbili na sijawahi kumaliza sentensi. Sijui kama hiyo ni sanamu au ni ubaba tu. Ibrahimu alipewa siku tatu za kutembea na mtoto wake kabla ya ule mlima wa kumtoa sadaka kwa hiyo na mi sijikimbizi. Naliandika hapa ili usidhani simu ya fundi ni nzima.

Dalili: hutoki bila kichupa

Shangazi yangu, mama wa maombi kwelikweli, tulimpeleka stendi ya Mbezi asubuhi apande basi la Singida. Mizigo ishaingia buti, tiketi mkononi, akafungua mkoba akakuta kichupa chake cha mafuta ya upako hakipo, kasahau kitandani. Akashuka. Tukamwambia shangazi basi linaondoka, akasema liondoke. Akarudi Mbagala kuchukua kichupa, akasafiri kesho yake. Nauli ikaliwa.

Usiku nikamuuliza taratibu, shangazi, Mungu angebaki kitandani? Akacheka alafu akanyamaza, alafu akasema mwanangu na wewe una maneno.

Watu wakisikia nyoka wa shaba wanakumbuka Hesabu 21 tu, walioumwa wakaitazama wakapona. Mungu mwenyewe ndo aliagiza itengenezwe, na ilifanya kazi. Ila nenda 2 Wafalme 18:4, mamia ya miaka baadaye, Waisraeli wanaifukizia uvumba, Hezekia akaivunja vipandevipande, ikaitwa Nehushtani, yaani kipande cha shaba tu. Ndo maana hoja ya "lakini mi nilipona kwa haya mafuta" haimalizi mjadala. Hata nyoka aliponya. Kilichowahi kuwa mkono wa Mungu ndo kinachotufunga vizuri zaidi kwa sababu tuna ushuhuda nacho.

Na hii sio mambo ya kuchekea. 2011 nchi nzima ilikuwa inaelekea Samunge kule Loliondo kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500, foleni ya magari kilometa na kilometa, kuna watu waliacha dozi zao hospitali wakaenda. Februari 1, 2020 pale uwanja wa Majengo Moshi, watu 20 wakafa wakikimbilia kukanyaga mafuta. Walikuwa waumini wenzetu wenye shida za kweli, magonjwa, madeni, ndoa. Mi siwezi kuwahukumu waliokimbia, najiuliza tu nani alitufundisha kwamba Mungu yuko pale chini kwenye ile mita moja ya mafuta na sio hapa niliposimama.

Kipimo: safari moja usibebe. Kichupa, chumvi, kitambaa, stika ya kwenye gari, hata Biblia kama unailaza chini ya mto usiku na mchana huisomi. Ukikosa usingizi umeshajua.

Dalili: mtumishi hagusiki

Fupi. Mtu akikosoa Paulo unasema ngoja tujadili muktadha, akikosoa baba yako wa kiroho unamblock. Chanzo hapo hakihitaji pawa saplai. Ukitaka kujua mwisho wake unafikaje, msitu wa Shakahola kule Kilifi, Kenya, 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watu waliambiwa wafunge mpaka wafe wakamwone Yesu na wakatii. Kuanza hawakuanzia kwenye kufa, walianza na vitu vidogo, toa mtoto shule, usiende hospitali, na kila hatua sauti ya mtu ilikuwa inakaa juu zaidi ya Neno.

Kengele za uongo

Sio kila joto ni shoti. Simu ikichaji inapata joto kidogo, kawaida. Yanga akifungwa ukakosa hamu ya kula jioni hiyo, mpendwa, kale ulale, asubuhi imeisha. Kupenda nguo nzuri, kutaka mshahara upande, kulia mwaka mzima umefiwa na mke, hayo ni maisha. Nimeona vijana waliookoka juzi wanavunja TV, wanauza simu, wanaacha kazi, kwa kuambiwa ni miungu, na mwaka unaofuata wanakopa wanunue zilezile.

Na kuna ya wasomi, mafundisho sahihi. Mtu anajua kila kosa la kila mhubiri na hajawahi kulia mbele za Mungu tangu 2015. Hiyo nayo ipime, saplai itasoma.

Sasa unatengenezaje

Kosa la kwanza ni kuflashi. Mteja anapenda kuflashi maana ni rahisi, futa kila kitu anza upya. Shoti haiondoki kwa kuflashi. Mkesha mmoja wa kuungama kila kitu kwa jumla jumla, Bwana nisamehe sanamu zangu zote, ni kuflashi. Taja moja, kwa jina lake. Mi ilinibidi niseme Bwana naabudu kuhitajika, na kulitamka tu lilikuwa la aibu kuliko dhambi nyingine nyingi nilizowahi kutubu.

Dawa haifanani kwa kila mtu. Yule tajiri wa Marko 10 aliambiwa auze alivyo navyo vyote. Zakayo kwenye Luka 19 akasema nusu nawapa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne, na Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii, hakumdai ile nusu nyingine. Martha na Mariamu walibaki na nyumba yao na Yesu akawa anakula hapohapo. Kwenye bodi pia, kuna kapasita unaitoa na simu inapiga kazi bila hiyo, na kuna ambayo lazima uweke nyingine nzima mahali pake. Kwa hiyo usimuulize jirani alitoa nini.

Na mahali ulipotoa pasibaki patupu, Mathayo 12 ile nyumba iliyofagiwa na kupambwa ikarudiwa na pepo saba wabaya kuliko yule wa kwanza. Mi nilidhani dawa yangu ni kuacha kinanda kabisa. Nikaacha miezi miwili. Nikajikuta nakaa benchi la tatu nahesabu makosa ya kijana, nina faili zima kichwani, Jumapili ile kakosea mara ngapi. Nilitoa kinanda, sanamu ikabaki inakula bila hata kufanya kazi.

Ikabidi nimfuate. Nilimkuta nje anafunga helmeti, nikamwambia mdogo wangu, siku ile kinanda kilipokata mi nilifurahi, nisamehe. Nilitegemea ashangae. Akasema, "Kaka nilikuona. Nilikuwa chini ya meza nikainua kichwa nikaona unacheka."

Alijua miezi yote hiyo, na kila Jumapili alikuwa ananisalimia shikamoo kaka.

Kulikuwa na kitu kingine sikuwa nimemwambia, nikamwambia. Ile jeki nilikuwa najua inaachia, tangu mwaka juzi yake. Ilikuwa inataka uikunje kidogo kushoto alafu uiegemeze na kitabu cha nyimbo, na aliyekuwa anajua hivyo kanisa zima ni mimi. Nashika solda kutwa nzima, siku sita kwa wiki, na ile waya sikuwahi kuigusa.

Tukaingia ndani tukaichomoa. Jumatatu niliiweka mezani kabla sijafungua kwa wateja, nikakata pale palipochoka, nikachoma upya, nikaijaribu kwa kuivuta. Dakika nne.